Mama Sahani na Maji Yaliyonyonya

Wageni mtaani wakisikia anaitwa Mama Sahani hudhani anauza vyombo, na wapo waliowahi kumfuata hadi mlangoni kuulizia bei ya vikombe. Hawasahihishi. Anawaambia zimekwisha, waje wiki ijayo. Sahani zake ni za plastiki angavu, ndogo za kulala kiganjani, zenye vishimo vilivyopangwa safu kwa safu kama trei ya mayai ya ndege mdogo kupita wote. Katika kila kishimo anadondosha maji ya damu, yale mepesi yanayobaki juu damu ikiganda, anaongeza hiki, anaosha, anaongeza kile, anaosha tena, mpaka rangi ya bluu ijitokeze au igome. Ndiyo kazi yake maabara. Ameifanya tangu hajaolewa na hana mpango wa kumwachia mtu.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, ana malalamiko yake kuhusu kazi hiyo. "Huyu kazini anaosha sahani kutwa nzima," huwaambia wageni, "ila akifika nyumbani, akiona sufuria tu, mgongo unamshika."

"Za kazini hazina ukoko," mke humjibu, na sufuria hubaki pale pale linasubiri mwenye huruma.

Kujiamini alizaliwa nako. Mama yake alikuwa mshonaji, na alipokuwa mtoto alitumwa dukani na kipande cha kitambaa atafute uzi wa rangi ile ile. Alirudisha uzi mara nyingi hadi muuza duka akamwambia achukue boksi zima akachagulie nyumbani, bora amwondokee. Mtihani wa kemia ulipomwangusha chuoni hakulia. Alimwambia mama yake, "Hatujaelewana. Tutaonana mwakani." Wakaonana mwakani, wakaelewana, na tangu hapo akisema kitu kimekaa sawa, watu wa maabara huacha kubishana wakaenda kunywa chai.

Sasa, ili mambo ya shemeji yake yaeleweke, ni lazima tuanze na sungura.

Mwili una walinzi wake. Ni protini zinazozunguka kwenye damu, kazi yake kukamata kila mgeni asiye na adabu. Wataalamu wanaziita imunoglobulini, au kingamwili kwa jina la kwetu. Ng'ombe anazo zake, mtu anazo zake. Mjanja mmoja akagundua kwamba ukichukua imunoglobulini ya ng'ombe ukamchanja nayo sungura, mwili wa sungura hautambui hii ni nini. Unaona mgeni tu. Kwa hiyo sungura naye anatengeneza kingamwili za kukamata kingamwili za ng'ombe. Ni askari wa kukamata askari. Sungura mwenyewe pengine hajawahi kumwona ng'ombe hata kwa mbali, lakini akishachanjwa anamchukia kuliko jirani anayefungulia redio alfajiri. Basi unachukua zile kingamwili za sungura, unazifungia kimeng'enya cha kutoa rangi, unazitia kwenye kichupa, na kichupa kinauzwa. Ukizimwaga mahali penye imunoglobulini ya ng'ombe zinang'ang'ania, na panakuwa bluu. Pasipo nayo, zinaoshwa zikaenda zake.

Kichupa cha namna hiyo kilikuwa kimefika maabara kwa ajili ya ndama wa shamba moja la maziwa nje ya mji. Mtunza ng'ombe wa shamba lile alikuwa mume wa mdogo wake Mama Sahani. Shemeji mtu.

Ndama walikuwa wanakufa. Wanazaliwa wazima, wanaharisha, wanalala chini, basi. Ndama huzaliwa damu yake haina walinzi hata wa dawa, wote anawapata kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, yale mazito ya manjano. Mwenye shamba akafikia uamuzi wake: mtunza ng'ombe hawapi ndama maziwa yale, ama anakunywa mwenyewe, ama anagawa kwa marafiki. Shemeji akakana. Mwenye shamba akasema hana haja ya maneno, damu itasema. Akamwita daktari wa mifugo, damu ikatolewa kwa ndama wote waliobaki, ikapelekwa maabara. Ndama wakikutwa hawana imunoglobulini, Ijumaa mtu mwingine anaingia kazini, na kwa kuwa nyumba anayokaa shemeji ni ya shamba, anaingia na kwenye nyumba.

Mama Sahani alipoona sampuli zinatoka wapi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, ambaye kila mtu anamwita Daktari.

"Daktari, huyu mtunza ng'ombe anayetuhumiwa ni shemeji yangu."

"Wa karibu?"

"Amemwoa mdogo wangu. Hata nikitaka awe wa mbali, haiwezekani."

Daktari alikuna kidevu. "Chupa zina namba tu. Wewe pima, kusoma tutasoma wote wawili. Nikisema kila mwenye shemeji asipime, nitabaki hapa na paka."

Akapima kama alivyozoea. Alitia maji ya damu ya kila ndama kwenye kishimo chake, na kishimo cha mwisho akakitia maji matupu yenye chumvi, kiwe cha kulinganishia. Kisha akafanya kitu ambacho mgeni wa maabara angekishangaa. Alikoroga maziwa ya unga ya dukani, akamimina kwenye kila kishimo. Plastiki ina tabia ya kushika kila kinachopita, kwa hiyo kabla ya kutia kingamwili ni lazima uzibe nafasi zilizobaki wazi, isije kingamwili ikajibandika ovyo ukutani ukadhani imekamata kitu. Maziwa huziba vizuri na ni rahisi kupatikana. Alikuwa ameziba kwa maziwa miaka yote, damu ya watu maelfu imepita, hayajawahi kumwangusha. Akaosha, akatia kingamwili ya sungura, akaosha, akatia dawa ya rangi, akasubiri.

Sahani ikawa bluu, yote, kama shati la sare.

Daktari aliinama juu yake akatabasamu. "Haya, shemeji yako amepona. Ndama wote wana kinga ya kutosha. Andika, nisaini."

"Na maji?" akauliza Mama Sahani.

"Maji yamefanya nini?"

Akaweka kidole kwenye kishimo cha mwisho. Bluu ile ile. "Haya hayana ndama, hayana mama, hayana hata kwato. Lakini kwa sahani hii, nayo yamenyonya."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kishimo hakikubadilika.

"Siandiki," akasema Mama Sahani.

Tatizo ni kwamba Daktari, kwa furaha yake, kabla hajainama vizuri juu ya sahani alikuwa ameshampigia mwenye shamba kumwambia mambo yanaelekea pazuri. Mwenye shamba akamwambia mtunza ng'ombe, mtunza ng'ombe akamwambia mkewe, na simu ya Mama Sahani ikaita hajavua hata glavu.

"Dada, asante," mdogo wake alisema, sauti ikichezacheza. "Nimeambiwa tumevuka."

"Aliyekuambia amewahi mno. Kipimo hakikukaa sawa, narudia."

"Hakikukaa sawa vipi, na kimesema ndama wanazo?"

"Kimesema na maji yanazo."

Halafu mdogo mtu akasema polepole, "Kwa hiyo kwako kishimo kimoja cha maji kinaishinda damu yako?"

"Damu yangu haimo kwenye ile sahani. Ya ndama ndiyo imo."

"Wewe tangu utoto ni mtu wa kurudisha uzi dukani. Sisi tunatupwa nje, wewe unaangalia rangi."

"Nikisaini hii, ndama wataendelea kufa mumeo akiwa kazini," Mama Sahani akasema. "Mwezi ujao mwenye shamba atamfukuza bila kupima chochote. Nipe muda."

"Ijumaa hiyo hapo, dada." Simu ikakatwa.

Alisimama na simu mkononi. Hakuwa na shaka kuwa atalipata kosa. Shaka yake ilikuwa juu ya atakachokikuta chini ya kosa.

Kesho yake alianza kuwinda, na kwa kuwa anajiamini alianza na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Alishuku maji yaliyochujwa, akachuja mengine. Alishuku pipeti, vile vijirija vya kudondoshea, akazibadilisha. Alimshuku mama wa usafi, akaosha chupa zote upya kwa mkono wake mwenyewe, na mama wa usafi akasimama mlangoni akimtazama.

"Ndivyo ninavyoziosha na mimi," mama wa usafi akasema.

"Najua. Nahakikisha tu."

"Endelea kuhakikisha. Nikienda likizo unihakikishie na sakafu."

Sahani ya pili ikawa bluu tena, maji na yote. Daktari akashauri kichupa kitupwe. Alisema huenda kingamwili ilipata joto njiani, ikaharibika, sasa inashika kila inachokiona. Waagize nyingine.

"Nyingine itafika lini?"

"Ikienda haraka sana, mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi shemeji yangu atakuwa amehamia sebuleni kwangu na mguu wake kwenye meza yangu. Kingamwili haijaharibika, Daktari. Iliyoharibika haitoi rangi nzuri hivi, inafifia. Hii inafanya kazi kwa bidii. Inakamata kitu, sijui tu ni kitu gani tumeipa."

"Basi tafuta. Lakini kichupa kisiishe."

Akarudi mezani kuanza sahani ya tatu. Akavuta kopo la maziwa ya unga, akatia kijiko. Juu ya kopo palikuwa na picha ya ng'ombe, wa rangi nyeusi na nyeupe, ana ua masikioni, anatabasamu kama amelipwa. Mama Sahani alikuwa amemtazama ng'ombe yule kila wiki ya maisha yake ya kazi na hajawahi kumwona.

Kijiko kikabaki hewani.

Alikaa kwenye kigoda akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chini kwa chini, mpaka Daktari akachungulia kutoka chumba cha pili.

"Kuna nini?"

"Njoo umwone mtuhumiwa." Akamgeuzia kopo. "Tumemwambia sungura azitafute kingamwili za ng'ombe. Halafu, kabla hajaanza kutafuta, tumechukua maziwa ya ng'ombe tukapaka kila kishimo. Maziwa yana kingamwili humo humo, si ndiyo yale yale ndama anayoyahitaji? Ya unga yanazo chache, lakini sungura huyu mkali, chache zinamtosha. Amekamata alichoambiwa akamate."

Daktari alimtazama ng'ombe, akamtazama yeye. "Miaka yote tumeziba kwa maziwa."

"Miaka yote tulikuwa tunapima watu. Kingamwili inayokamata za mtu haina ugomvi na maziwa. Utaratibu ule niliuandika mimi, nikaunakili kwa ndama bila kufikiri. Kosa ni langu, na mama wa usafi nitamwomba radhi."

"Na mimi niliusaini," Daktari akasema. "Twende sote wawili kwa mama wa usafi, atupunguzie hasira kwa jumla."

Kabla ya kwenda kokote alihakikisha. Akachukua vishimo vitupu kabisa, visivyo na ndama wala nini. Kimoja akakiziba kwa maziwa, kimoja akakiziba kwa ute wa yai uliokorogwa na kuchujwa vizuri. Kingamwili ikatiwa vyote viwili, vikaoshwa, ikafuata dawa ya rangi. Kishimo cha maziwa kikawa bluu kabla hata hajaweka pipeti chini. Cha ute wa yai kikakaa cheupe kimya. Kuku na ng'ombe hawana undugu, na sungura hakuwa na ugomvi wowote na kuku.

Akapima ndama wote upya, vishimo vimezibwa kwa ute wa yai. Safari hii hakukaa kwenye kigoda. Alisimama, mikono nyuma, akitazama vishimo vikijitokeza kimoja kimoja. Maji yakabaki meupe, kama maji yanavyotakiwa. Ndama wachache wakawa bluu safi. Na wale wengine, zaidi ya nusu, wakabaki karibu na maji. Hata mtoto angeona. Mashine ya kusoma rangi ikasoma, ikasema vile vile.

Daktari akavuta simu mezani. "Unataka nimpigie mwenye shamba mimi?" akauliza.

"Mpigie, lakini usimwambie majibu. Waje wote wawili, yeye na shemeji. Nina swali la kuuliza, na sahani haiwezi kulijibu."

Walikuja Alhamisi. Mwenye shamba alikuwa mtu mnene mwenye viatu visivyowahi kukanyaga zizi, na alikaa kwenye kiti cha wageni kana kwamba kimetengenezwa kwa ajili yake. Shemeji alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Hakumtazama Mama Sahani machoni. Mama Sahani akawaeleza kosa la maziwa kwanza, bila kuzungukazunguka, kisha akawaonyesha sahani. Hawa wamepata kinga, hawa hawakupata.

Mwenye shamba akageukia mlangoni. "Nilisema au sikusema?"

"Niliwapa wote," shemeji akasema.

"Sahani hii hapa inasema hukuwapa."

"Sahani haisemi hivyo," Mama Sahani akaingilia. "Sahani inasema kinga haikufika kwenye damu. Nani amempa nani nini, hiyo haijui. Shemeji, hebu nieleze. Ndama akizaliwa unafanya nini? Eleza kama unavyofanya, usipambe."

Shemeji akageuza kofia mkononi. "Namtoa kwa mama yake, namkausha. Nakamua yale maziwa ya kwanza. Napeleka ofisini, yanawekwa kwenye friji, maana Bosi alisema ndama asinyonye moja kwa moja, na maziwa yasikae nje yakaharibika. Bosi akija anayaangalia ni kiasi gani, tunayapasha, ndama anakunywa."

"Kwa nini Bosi aje ndiyo yapashwe?"

"Friji ina chanjo. Inafungwa. Ufunguo anao yeye."

Mwenye shamba alikohoa. "Chanjo ni ghali. Na maziwa ndani ya friji hayaharibiki, hata siku mbili."

"Maziwa hayaharibiki, kweli," Mama Sahani akasema. "Anayefunga ni ndama. Akizaliwa, utumbo wake uko wazi, unapitisha kinga nzima nzima hadi kwenye damu. Kila saa inayopita unajifunga kidogo. Kesho yake umeshafungwa. Ukimpa hapo, anashiba kama kawaida, lakini walinzi wote wanaishia tumboni. Unamnywesha chakula tu."

Daktari alikuwa na namba za masikio ya ndama mbele yake. Akaanza kuzisoma za wale waliobaki weupe, taratibu, bila sauti ya kulaumu. Alisoma ya kwanza. Shemeji akafungua mdomo, lakini mwenye shamba akamtangulia.

"Huyo mwenye baka usoni. Alizaliwa nikiwa msibani."

Daktari akasoma ya pili.

"Huyo alizaliwa Jumamosi jioni." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jumapili huwa siendi."

Ya tatu ilisomwa nusu. Mwenye shamba alinyoosha mkono Daktari aache.

"Mbona hukuniambia?" akamwuliza mtunza ng'ombe wake.

"Nilikuuliza mara moja kama naweza kumpa papo hapo. Ukaniambia nisikufundishe ufugaji."

Mwenye shamba alikumbuka au alijifanya anakumbuka, kwa vyovyote alitikisa kichwa kukubali. Hakuomba radhi. Watu wa kiti kile huwa hawaombi, kiti hakiruhusu. Alitoa shada la funguo mfukoni, akaanza kuhangaika na pete yake kwa ukucha, akashindwa, Daktari akampa mkasi, akafaulu. Akamnyooshea shemeji ufunguo mdogo wa shaba.

"Na chanjo zangu zisiguswe."

"Ningetaka kuzigusa, Bosi, friji ile ningeifungua kwa kijiko tangu mwaka jana," shemeji akasema.

Mama Sahani akamkazia macho, kwamba huu si wakati wa kujifanya mchekeshaji. Lakini mwenye shamba alitoa pumzi puani, karibu acheke. "Ijumaa yule mwingine asije," akasema, kama anajiambia mwenyewe, akatafuta simu.

Daktari akasema kuna chai. Shemeji akashukuru, akasema hapana, akageukia mwajiri wake. "Twende, Bosi. Yule mweusi mwenye pembe moja alianza kuhangaika tangu asubuhi. Atazaa kabla hatujafika."

Mwenye shamba alikuwa ameshasimama.

Walipotoka, Mama Sahani akampigia mdogo wake. Ilichukua muda kupokelewa, na ilipopokelewa hapakuwa na salamu.

"Sema tu, dada. Vyombo nishavifunga kwenye shuka."

"Vifungue. Mumeo anarudi na kazi yake, na ana haraka. Chukua sufuria kubwa uchemshe maji ya kupashia maziwa, kuna ng'ombe anazaa."

Upande wa pili ikasikika sauti ya bati likigonga bati, na shuka likiburutwa sakafuni.

"Kubwa lile la bluu au la mfuniko?" mdogo wake akauliza.

"Lolote. Linalochemka haraka."